Mtoto Mtukutu wa Hurstpierpoint: Maisha ya Askofu James Hannington



Kila mwaka tarehe 29 Oktoba, Waanglikana wa Uingereza na wa Uganda humkumbuka Askofu James Hannington. Wale kati yetu waliopitia Nakivale, Kyangwali au Kampala wamewahi kusikia jina lake likitajwa pamoja na mashahidi wa Uganda. Waliokaa Mombasa wanajua kuna chuo cha wachungaji kinachoitwa kwa jina lake. Lakini tunamjua kama askofu aliyeuawa tu. Mtoto aliyekuwa kabla ya huyo askofu hatumjui.

Juma hili tumeona vema tuanzie kule alikoanzia yeye mwenyewe, kijijini kwao. Sababu yetu ni moja. Hapa Shively, na kwa ndugu zetu wa Columbus na Buffalo pia, wako wazazi wanaopigiwa simu na shule kila juma kwa ajili ya mtoto mmoja. Mama anaacha kazi, baba anatoka usingizini baada ya zamu ya usiku, wanaenda kukaa kwenye kiti kidogo ofisini na kusikia mabaya ya mtoto wao. Wengine wameanza kusema kwamba mtoto huyu amepotea. Habari ya leo ni ya kwao kwanza, kisha ni yetu sote.

Kijiji juu ya kilima

Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Sussex, kuna kijiji kinachoitwa Hurstpierpoint. Wenyeji hufupisha, wakasema Hurst tu. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale, maana yake ni kilima chenye miti. Pierpoint ni jina la ukoo wa Wanormandi waliopewa ardhi ile baada ya Uingereza kutekwa mwaka wa 1066. Basi jina la kijiji peke yake linasimulia habari: wenyeji walikuwako, wageni wakaja na nguvu, na mwishowe majina yao yakashikana yakawa jina moja. Sisi tunaotoka Kivu, Burundi na Tanganyika tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Upande wa kusini wa kijiji kuna vilima virefu vya chokaa, vyenye majani mafupi, ambako zamani wachungaji walilisha kondoo. Ukivivuka vilima hivyo unaiona bahari, na mji wa Brighton ufukweni. Toka Hurst mpaka Brighton ni kama maili 8. Katikati ya kijiji kuna barabara moja kuu yenye maduka pande zote mbili, na kanisa la mawe lenye mnara mrefu uliochongoka, lililojengwa miaka ya 1840 mahali pa kanisa la kale lililokuwa limebomolewa. Mwaka wa 1841 reli ya kutoka London kwenda Brighton ilifunguliwa ikapita karibu na kijiji, na tangu siku hiyo wenye mali wa Brighton wakaweza kufanya kazi mjini na kulala shambani.

Mmoja wa wenye mali hao alikuwa Charles Hannington. Mwaka wa 1808 baba yake alikuwa amefungua duka la nguo katika barabara ya North Street mjini Brighton. Duka lile likakua mpaka likawa kubwa na mashuhuri kuliko mengine ya mji. Lilidumu karibu miaka 200, likafungwa mwaka wa 2001. Mwaka wa 1847 Charles alinunua nyumba kubwa iitwayo St George's pale Hurst, yenye bustani, miti na maji. Mwaka uo huo, tarehe 3 Septemba, akazaliwa mwanawe James.

Mtoto asiyetulia

James hakunyimwa kitu. Alikuwa na shamba la kukimbia, farasi wa kupanda, ndugu wa kucheza nao, na baba mwenye mashua ya tanga baharini. Mama yake alikuwa mpole, mwenye subira, naye alipenda kuchunguza viumbe vya Mungu. Alimfundisha mtoto kuokota mawe, maua, wadudu na mayai ya ndege, kuyapanga na kuyaandika majina. Tabia hiyo haikumtoka maisha yake yote. Hata Afrika, akiwa mgonjwa machelani, alikuwa akiwatuma watu wamletee ua au mdudu ambaye hajamwona.

Lakini hakutulia hata kidogo. Akiwa na miaka 7 alipanda mlingoti wa mashua ya baba yake bila mtu kumwona. Walipomtafuta walimkuta juu kabisa ananing'inia, suruali imenaswa nyuma, hawezi kupanda wala kushuka. Alipokuwa mkubwa kidogo alitaka kuangamiza kiota cha nyigu kwa baruti. Akaishindilia baruti mwenyewe, ikalipuka mkononi mwake. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaenda. Alikaa mgonjwa siku nyingi, akapona, na kwa maisha yake yote akawa na mkono wenye vidole vinne.

Mzazi anayesoma habari hii ajiulize angefanya nini. Mtoto amekatika kidole kwa kosa lake mwenyewe, na bado hajajifunza kuogopa.

Alipofika miaka 13 walimpeleka shule ya bweni mjini Brighton. Pale wenzake wakampa jina la Jim Kichaa. Aliwasha moto ndani ya chumba cha kulala. Alimtupia mwalimu makaratasi darasani. Inasimuliwa kwamba siku moja alichapwa fimbo zaidi ya mara kumi na mbili, mpaka akafikiri kutoroka. Masomo hayakumwingia. Hakuwa mjinga, lakini kiti kilimchosha. Alipofika miaka 15 aliacha shule, baba akamweka katika ofisi ya hesabu ya duka lao.

Huko nako hakufaa. Aliingia jeshi la kujitolea la mizinga, akasafiri na mashua ya nyumbani, akaenda Ulaya kutembea, lakini daftari za hesabu zilimshinda. Miaka sita ikapita hivyo. Kijana wa tajiri, mchangamfu, mpenda mizaha, hana kazi ya maana. Watu wa Hurst walimpenda, lakini hakuna aliyetazamia kitu kwake.

Jambo moja tulione hapa. Baba na mama hawakumfunga wala hawakumfukuza. Hatusemi walimlea vizuri katika kila jambo. Wengine wangesema walimwachia mno. Lakini mlango wa nyumba ulibaki wazi, na mama aliendelea kumwombea. Mama yule alikufa mwaka wa 1872, kabla ya kuona matunda ya maombi yake. Msiba huo ulimpiga James kuliko fimbo zote za shule.

Kasisi asiyejua anachohubiri

Akiwa na miaka 21 aliamua kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Tusidhani ulikuwa wito mkubwa wa kiroho. Jamaa yake walikuwa wamehamia Kanisa la Uingereza hivi karibuni, wakitoka katika kanisa huru, na baba alikuwa amejenga kanisa dogo katika uwanja wa nyumba yake. Kazi ya ukasisi ilimfaa kijana wa nyumba ile. Mwaka wa 1868 akaenda Oxford. Huko pia aliongoza vijana katika mashua na karamu kuliko katika vitabu, na alichukua miaka mitano kupata shahada. Alipofanya mtihani wa askofu ili apewe ushemasi, mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili akapita kwa shida. Mwaka wa 1874 akawekwa kuwa shemasi.

Walimpeleka Devon, magharibi mwa nchi, katika vijiji viwili vidogo, Martinhoe na Trentishoe, juu ya majabali ya bahari. Watu walikuwa wachache, barabara mbaya, mvua nyingi. James alipanda farasi mdogo akavuka mbuga kwenda kuwaona wagonjwa, na siku zake za nafasi alichonga njia kwenye majabali ili watu waweze kushuka mpaka kwenye mapango ya bahari. Njia hizo alizichonga kwa mikono yake, mmoja wenye vidole vitano na mwingine vinne.

Kazi ya mikono iliendelea vizuri, lakini mahubiri yalimsumbua. Alipanda mimbarani akijua kwamba anawaambia watu habari ambayo yeye mwenyewe hajaipokea. Rafiki yake mmoja wa Oxford alikuwa amemwandikia barua, akamweleza wazi jinsi Kristo alivyoubadilisha moyo wake. James hakujibu kwa muda mrefu. Alipojibu, aliomba msaada. Rafiki akampa kitabu, akakianza, kikamchukiza, akakitupa. Baadaye akakirudia. Siku moja mwaka wa 1874, akikisoma, aliamini kwamba dhambi zake zimesamehewa kweli. Alifurahi kama alivyokuwa akifurahi utotoni, kwa nguvu na bila kiasi. Tena aliona aibu kwa miezi yote aliyokuwa amehubiri bila imani.

Mwaka wa 1875 alirudi nyumbani Hurst kuchunga kanisa lile dogo la St George's alilolijenga baba yake. Fikiri, mpendwa: kijiji kizima kilimjua alipokuwa akining'inia mlingotini, na sasa anapanda mimbarani. Bwana wetu mwenyewe alisema nabii hakosi heshima ila kwao. Lakini Hurst ilimpokea. Aliwaendea wagonjwa ambao wengine waliwaogopa. Aliacha pombe kabisa, akawaita wafanya kazi nao waache, kwa sababu aliona jinsi mshahara wa juma unavyomalizika kwenye vilabu kabla haujafika nyumbani. Mwaka wa 1877 alimwoa Blanche Hankin-Turvin, wakapata watoto.

Hapo angeweza kukaa mpaka uzee. Mali alikuwa nayo, nyumba alikuwa nayo, watu walimpenda.

Safari ya kwanza

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1877, wamisionari wawili wa CMS, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Habari hiyo ilimwingia Hannington moyoni, ikakaa. Mwaka wa 1882 alijitolea. Tarehe 17 Mei aliwaacha mke na watoto wadogo, akapanda meli na wenzake watano. Mmoja wao alikuwa mtoto wa ndugu yake. Mwezi wa Juni wakafika Zanzibar.

Njia ya siku zile ilianzia pwani ya Tanganyika, ikapita Mpwapwa, ikaenda mpaka karibu na Tabora, kisha ikageuka kaskazini kuelekea ziwa. Ndiyo njia ya misafara ya pembe na watumwa. Hannington alitembea akiimba, akichora, akikusanya wadudu, akianguka mashimoni. Kisha homa ikampata, halafu tumbo la kuhara damu. Wenzake waliona atakufa. Alichukuliwa machelani mpaka kusini ya ziwa, akayaona maji, lakini Uganda hakufika. Ikabidi arudi. Juni 1883 alikuwa tena Uingereza, amekonda, amechoka, na wengi wakasema basi.

Afya yake ikarudi. CMS walikuwa wanatafuta askofu wa kwanza kwa nchi zote kutoka Mombasa hadi Uganda. Tarehe 24 Juni 1884, Jim Kichaa aliyeshindwa mtihani aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki. Alikuwa na miaka 36.

Frere Town na William Jones

Januari 1885 alifika Mombasa. Ng'ambo ya kisiwa palikuwa na kijiji kiitwacho Frere Town, kilichoanzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka meli za watumwa. Palikuwa na kanisa, shule, mashamba na kengele kubwa. Mpaka leo mahali pale huitwa Kengeleni. Ndani kidogo, vilimani, palikuwa na kituo cha zamani zaidi, Rabai.

Hapo Hannington alikutana na mtu ambaye jina lake tunataka mlishike: William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa baharini, akapelekwa India akalelewa na kusomeshwa huko, kisha akarudi Afrika ya Mashariki kufanya kazi ya Mungu kati ya watu wake. Utoto wa Jones na utoto wa Hannington ni kama usiku na mchana. Mmoja alikuwa na bustani na mashua, mwingine aliuzwa. Mwezi wa Mei mwaka ule Hannington alimweka Jones na mwenzake Ishmael Semler kuwa mashemasi. Wale wawili walikuwa wa kwanza pwani ile.

Mlango wa mashariki

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Hannington alitaka kwenda Uganda, lakini hakutaka kupita njia ile ya kusini iliyomwua nusu. Mwaka wa 1883 na 1884 Mskoti Joseph Thomson alikuwa amepita nchi ya Wamasai mpaka karibu na ziwa, akarudi salama. Njia hiyo ni fupi na hewa yake ni ya baridi. Hannington akaona kwamba njia ya kuingia Uganda ni hiyo, na kwa mambo ya ardhi na hewa hakukosea. Miaka 16 baadaye reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu ikipita upande ule ule. Wengi wetu tumepanda basi kutoka Nairobi kwenda Kampala kwa njia iliyo karibu na ile aliyoifuata yeye.

Lakini hakujua mambo ya ikulu ya Buganda. Kabaka Mutesa alikuwa amekufa Oktoba 1884, na kiti alikikalia mwanawe Mwanga, kijana mdogo, mwenye hofu. Baganda walikuwa na neno la zamani kwamba watakaoila nchi yao watatokea mashariki, kupitia Busoga. Tena habari zilikuwa zimefika Mengo kwamba Wajerumani wanachukua ardhi pwani. Katika Januari 1885 Mwanga alikuwa amewaua vijana watatu Wakristo. Wamisionari waliokuwa Uganda walijua hatari hiyo wakaandika barua za kuonya. Barua hazikumfikia kwa wakati.

Tarehe 23 Julai 1885 msafara ukaondoka Rabai, askofu na Jones na wapagazi wapatao 200. Walipita jangwa la Taru bila maji ya kutosha, wakapita njaa ya Ukambani, wakapita kati ya Wamasai waliodai mahongo kila siku. Oktoba walifika Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias. Hapo Hannington akaamua kuligawa kundi. Jones akae na watu wengi, yeye aende haraka na watu 50.

Watu wamelizungumza jambo hilo tangu siku ile. Je, ilikuwa imani au haraka? Sisi hatuwezi kumhukumu. Lakini tukiangalia maisha yake tunamwona mtoto yule yule wa mlingotini, ambaye akiona kitu juu anapanda kwanza, habari ya kushuka itafuata. Ukunjufu wake na ujasiri wake vilitoka chungu kimoja na kosa lake. Wokovu ulimpa nia mpya, lakini mtu alikuwa ni yeye yule.

Siku nane

Tarehe 21 Oktoba, Busoga, watu wa chifu Luba walimkamata. Walimburuta, wakamtia katika kibanda kichafu chenye panya, wakamlinda usiku na mchana huku wajumbe wakienda kwa Mwanga kuuliza wafanye nini. Homa ilimrudia. Watu walikuja kumtazama kama mnyama. Katika siku hizo aliandika katika daftari lake dogo kila siku. Aliandika habari za panya, za maumivu, za hofu na za Zaburi alizosoma. Daftari lile lilipona. Lilinunuliwa baadaye na Mkristo mmoja, likafika Uingereza, na mwaka wa 1888 likachapwa. Ndiyo sababu tunajua kwamba siku ya mwisho alisoma Zaburi ya 30 na kupata nguvu.

Tarehe 29 Oktoba 1885 walimtoa nje pamoja na wapagazi wake. Waliookoka wanasema aliwaambia askari kwamba njia ya Uganda ameinunua kwa uhai wake. Akauawa mahali paitwapo Kyando, katika wilaya ya Mayuge ya leo. Alikuwa na miaka 38.

Naomba tusimame hapa kidogo. Vitabu vingi humaliza kwa kifo cha askofu. Lakini siku ile, saa ile, waliuawa pia wapagazi, karibu wote 50. Wanne tu waliponyoka. Hao waliouawa walikuwa watu wa pwani na wa bara, baba za watu, waume za watu, wanaobeba mizigo kwa mshahara. Hawakuchagua njia. Hawakupewa nafasi ya kuuliza kama mlango wa mashariki uko wazi. Mifupa ya askofu ilitafutwa, ikapatikana, na tarehe 31 Desemba 1892 ikazikwa kwa heshima Namirembe. Ya wapagazi haikupewa maziko kama hayo. Sisi tulio watu wa kubeba mizigo, katika maghala ya hapa Louisville na popote, tuwakumbuke nao tunapomkumbuka yeye. Mungu anayajua majina yao.

Bendera ya Rabai

Jones alingoja Kwa Sundu. Walionusurika wakamfikia na habari. Hakutaka kuamini, akangoja tena wiki nyingi, mpaka Desemba. Kisha akawarudisha watu wote waliobaki kwa miguu, mwendo wa karibu miezi miwili, yeye shemasi wa miezi michache, akiwa kiongozi wa msafara uliofiwa. Februari 1886 watu wa Rabai waliona msafara unapanda kilima, na mbele yake bendera ya rangi ya bluu yenye herufi nyeupe. Ilikuwa imeandikwa Ikabodi, jina lile la 1 Samweli sura ya 4, kwamba utukufu umeondoka.

Lakini utukufu haukuondoka. Jones aliendelea kuchunga Rabai. Watumwa waliowatoroka mabwana zao walikimbilia kwake na katika vituo vingine vya misheni, na mabwana wakatishia vita. Mwanzo wa mwaka wa 1889 watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vile walipewa hati za uhuru, baada ya fidia kulipwa. Mtoto aliyeuzwa akawa mlinzi wa waliouzwa.

Katika Buganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyehudumu ikulu, alimkemea Mwanga kwa kumwua askofu. Akauawa Novemba 1885. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni, vijana wengi waliteketezwa Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Mwanga mwenyewe aliondolewa kitini, akapelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli, na huko akabatizwa, akaitwa Danieli. Alikufa mwaka wa 1903.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Mmoja wa wana wa Hannington, aliyeachwa mdogo Uingereza, alikua akawa kasisi. Akaenda Uganda, akafika Busoga kule kule baba yake alikofungwa. Akambatiza mtoto wa Luba. Watoto wa pande mbili za damu ile wakasimama kwenye maji mamoja.

Kwetu sisi

Sisi tunatoka katika nchi ambako mtoto wa huyu na mtoto wa yule wanajua vizuri baba zao walifanyiana nini. Wengine tunakaa nao barabara moja hapa Dixie Highway, tunakutana dukani, hatusalimiani. Habari ya Busoga inatuuliza swali, na kila mmoja ajibu mwenyewe.

Na wewe mzazi wa mtoto mtukutu, usichoke. Ukiitwa shule, nenda. Ukirudi, muulize mtoto anapenda kuchunguza nini, kama mama yule wa Hurst alivyouliza, umtafutie nafasi ya kukifanya. Mfundishe pia kungoja na kusikia onyo, kwa maana ujasiri usio na sikio unaweza kuwagharimu wengine 50. Lakini usiseme amepotea. Mama yake James alikufa akiwa hajaona kitu, na maombi yake hayakufa naye.

Jioni ya leo, mezani, tuzungumze na watoto mambo haya matatu:

1. Ni tabia gani ya James ya utotoni iliyomsaidia ukubwani, na ni ipi iliyomletea hatari?
2. Kwa nini ni vema kuwakumbuka wapagazi pamoja na askofu?
3. Ni nani katika mtaa wetu ambaye jamaa yetu haijamsalimia muda mrefu, na tufanye nini?

Mungu awabariki, awe na juma jema pamoja nanyi.